Kumtafutia Mama Mkwe Dengu za Kihindi

Mama mkwe wangu hakusema kwamba nilitaka kumuua. Aliacha tu kula ninachopika.

Alikuwa amerudi kutoka India, ambako madaktari walimpasua tumbo na kumtoa uvimbe. Binti yake ndiye aliyemsindikiza. Waliporudi, binti alibaki Kinshasa kwa watoto wake, na mama akaja kwetu Kisangani, mtaa wa Tshopo, apate nguvu. Mume wangu alikuwa ameshuka na boti kwenda Basoko kununua samaki wa moshi, na kule simu hushika inapopenda. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na mama yake.

Mwanzoni alikula vizuri. Kisha jioni moja nilimpa pondu, yaani kisamvu, na lituma, zile ndizi tunazotwanga hadi zishikane, na kabla sijaosha sahani tumbo likamkamata. Alijikunja kwenye mkeka, akatapika, akalia bila sauti. Kulipokucha maumivu yalikuwa yameisha. Lakini tangu hapo sahani yangu ilikaa mbele yake mpaka inzi wakaijia. "Sina njaa, mwanangu," alisema. Na jirani akimletea kipande cha ndizi ya kuchoma, alimega.

Mdogo wake wa kiume, ambaye wote tunamwita Tonton, yaani mjomba, akaanza kuja kila siku. Aliweka kiti cha plastiki karibu na jiko langu na kuniangalia mikono.

"Ile siku ulitia nini mu pondu?"

"Chumvi, Tonton. Mawese. Samaki."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alisogeza kiti karibu zaidi na jiko. Kwetu kuna neno ambalo halihitaji kutamkwa. Mwanamke huweza kufukuzwa, hata kupigwa, kwa sababu mkwewe amekonda. Nilimwomba mama twende hospitali, akasema amechoka na sindano. Tonton akaongeza kwamba hospitali haina dawa ya mambo ya nyumbani. Nilikuwa nikimwona mama akipungua, kitenge kikimlegea kiunoni, na nilijua kwamba akifia katika nyumba ile, mimi ndiye nitakayeulizwa kabla ya daktari.

Asubuhi moja alisema, kama mtu anayejisemea, "Kule India nilikula. Walikuwa wananiletea dengu za njano, laini kama uji, na chapati. Hakuna mutu kule alinijua."

Maneno yale ya mwisho, kwamba alikula kwa mikono ya wasiomjua, ndiyo yaliyonifanya nivae viatu.

Nilikwenda Makiso, katikati ya mji. Kwanza niliingia hoteli moja ambayo mlangoni imechorwa sahani na neno India. Walinifungia kuku wa kukaanga aliyenyunyiziwa bizari. Nyumbani mama alinusa, akasukuma sahani kwa kidole. "Hii iko ya hapa," alisema.

Nilirudi Makiso, safari hii kwenye duka la jumla la Mhindi mmoja, anayeuza betri na magodoro. Nilimuuliza Wahindi wa mji huu hula wapi.

"Tunakula nyumbani, mama," alijibu, akiwa tayari anamtazama mteja aliye nyuma yangu.

Sikuondoka. Watu walinung'unika, mmoja akanisukuma begani. Nikamwambia nina mgonjwa asiyekula, anayetamani dengu za kwao. Mwenye duka aliweka kalamu chini. Akanieleza kuna ua nyuma ya maghala, ambako wafanyakazi wa maduka yao hula mchana. Hakuna kibao. Nigonge tu.

Nilipogonga, kilichotoka kwanza ni harufu ya tangawizi na bizari ikiungua polepole kwenye samli. Ndani kulikuwa na meza chache na mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa, anayesema Kiswahili chetu pamoja na Lingala yake. Alinipa kijiko nionje dengu. Zilikuwa njano, nyepesi, na zilishuka kooni bila kutafunwa. Sijawahi kula chakula cha Kihindi kizuri kuliko kile, na wakati huo hata sikuweza kukifurahia, kwa sababu mpishi alikuwa ametoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa rika langu, kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Marehemu mke wa mzee ndiye aliyemfundisha.

Nilijisemea kwamba mama akijua amepikiwa na mkono wa mwanamke wa hapa kama mimi, nimekwisha.

Hata hivyo nilifungiwa bakuli la dengu, na nyumbani mama alikula vijiko vichache, akafumba macho kwa utamu. Tonton aliinama juu ya bakuli.

"Ni nani alipika?"

Ningeweza kusema ni Mhindi. Lakini uongo ule ukigunduliwa ungenizika. "Kesho twende wote, Tonton," nilisema. "Mujionee wenyewe."

Kesho yake tulikodi taksi. Mama alikaa mezani wima kama mtu aliyealikwa harusini. Alimaliza bakuli, akaomba lingine na chapati mbili, na mimi sikuthubutu kumzuia. Mpishi alipokuja kuokota vyombo, mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Ni weye ulipika?"

"Ni miye, mama."

Mama alirudisha kipande cha chapati mezani. Kisha akakiokota tena, akakila. Nilikuwa bado sijapumua vizuri nilipomwona akishika tumbo.

Ilikuwa vilevile kama jioni ile. Alijikunja, jasho likamtoka, akatapika miguuni pake. Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Haikuwa mimi. Tonton mwenyewe ameona kwamba haikuwa mimi.

Kisha nikamsikia akiuliza, "Umemutilia nini?" Alikuwa amemkabili mpishi, na yule mwanamke alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, sahani zikigongana mikononi mwake. Wafanyakazi kwenye meza nyingine waliacha kula. Mmoja alisimama.

Nikaingia kati yao. "Tonton, jana alikula chakula cha huyu mama na hakuumwa. Siku ile alikula changu akaumwa. Wapishi ni wawili, ugonjwa ni ule ule. Tumupeleke hospitali."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Lakini alimshika dada yake upande mmoja, na mimi nikamshika upande wa pili.

Daktari alisema utumbo umebana pale uliposhonwa. Chakula kizito au kingi hakipiti, kidogo na laini hupita. Tonton alimtaka aeleze upya, akaeleza. Mama alilazwa, akawekewa maji ya mshipa, na hali ikatulia bila kupasuliwa tena. Tonton hakuniomba msamaha, ila kiti chake cha plastiki hakikurudi jikoni kwangu.

Siku mama aliporudi nyumbani alisema, "Nipikie uji. Kidogo." Nilipika, nikamletea. Mbele yake nikachota kijiko nionje kwanza, ingawa hakuna aliyeniambia.

"Acha," alisema, akinyoosha mkono. "Utapoa."

Baada ya hapo nilirudi Makiso. Mzee alinifungulia mlango bila kunisalimia, akaita jikoni. Mpishi alitoka hadi kizingitini, akasimama hapo.

"Yule mama alikufa?"

"Hapana. Iko nyumbani. Anakula."

Aliketi kwenye gunia la mchele, akafunika uso kwa aproni. Aliniambia kwamba tangu siku ile kila mlango ulipogongwa alifikiri ni sisi tumekuja na watu. Nilimweleza yote ambayo daktari alisema, polepole, na mzee naye akisikiliza. Halafu mpishi aliinuka, akanipakulia bakuli la dengu na chapati ya moto, akaniwekea mezani.

"Kula," alisema.

Nilikula mpaka nikamaliza. Yeye alibaki amesimama kando yangu, akinitazama kila tonge.