Kavugho anaitafuta bia ya wifi yake

Saa nane mchana, Jumamosi. Katika jiko la nyumba moja mjini Buffalo, Kavugho ameinamia sufuria, mwiko mkononi. Amechota lita nne za maji matamu ya kimea, yale ya kwanza kabisa kuchujwa, na anayachemsha peke yake mpaka yawe mazito, meusi, ya kunata. Madirisha yametoka jasho.

"Usinisemeshe sasa," anamwambia mumewe, Bisimwa, anayechungulia mlangoni. "Ikiungua, Laurentine atacheka."

"Laurentine iko Louisville, bibi yangu. Atachekea wapi?"

"Ule anaweza kuchekea hata mu simu."

Kavugho, mwenye miaka 34, hufunga vifurushi katika ghala moja la Cheektowaga kwa dola 19 kwa saa. Kila anapopika bia nyumbani, ujira wa saa tatu hivi huingia chunguni.

Mwaka jana Laurentine, mke wa kaka yake, alipeleka bia kali ya Kiskoti kwenye mashindano ya wapika bia wa nyumbani mjini Columbus, akatoka na utepe wa mshindi wa kwanza. Ilikuwa bia ya rangi ya damu ya mzee, nzito, yenye kilevi cha asilimia nane na nusu na utamu wa sukari iliyoungua kidogo.

"Nilipiga makofi, bon, lakini mikono ilikuwa inauma," anasema Kavugho. "Mi niko na wivu, sifichi. Nilikunywa kikombe moja tu, nikasikia kama mutu ameniiba."

Ameibiwa nini, hakujua. Akaanza kuitafuta ladha ile. Mara ya kwanza alitia kimea kilichofukizwa moshi. Bia ikanuka samaki mkavu. Mara ya pili aliongeza sukari. Ikawa kali, lakini nyepesi kama maji. Mara ya tatu aliiacha ichachuke sebuleni kwenye joto, ikatoka na harufu ya rangi ya kucha.

Kumuuliza mwenyewe hakutaka. Kwao Butembo, mashariki mwa Kongo, anasema, mwanamke haulizi mwenzake anatia nini chunguni. Mwezi uliopita akashindwa, akapiga simu.

"Wifi, ile utamu unaitoa wapi?"

"Weye ndiye unaniuliza?" Laurentine alishangaa. "Donc hujui? Ni ya mama yako. Maji ya kwanza ya ndizi alikuwa anapika pembeni mpaka yanakuwa nzito, halafu anayarudisha. Mi nilitia shayiri pahali ya ndizi, basi."

Kavugho alikata simu.

Mama yake, ambaye sasa ni marehemu, aliuza kasiksi, pombe ya ndizi, ndiyo iliyomlipia binti karo. Kila chungu kilipoinjikwa, Kavugho alikuwa darasani. Laurentine, bibi harusi mpya, alikaa jikoni na mkwewe miaka sita.

"Alinipenda, najua. Franga zote zilienda ku masomo yangu," anasema, bila kuacha kukoroga. "Lakini mikono yake alimupatia mwingine. Iyo ndiyo wivu yangu."

Uji mweusi unarudi kwenye sufuria kubwa. Humo mna maji yaliyochujwa kutoka kilo nane za kimea cheupe na kiganja cha shayiri iliyokaangwa kwa ajili ya rangi, pamoja na hopsi chache, maua machungu ya kupunguza utamu. Baadaye itachachuka taratibu kwenye chumba cha chini ya nyumba, ambako baridi ya Buffalo haina gharama, kisha ipumzike miezi miwili hadi mashindano ya Columbus mwezi wa nne.

Laurentine naye atakuwepo na ya kwake. Kavugho amemwomba aionje hii kabla ya majaji.

"Yeye peke yake ndiye anakumbuka ya mama ilikuwa namna gani," anasema. "Akisema iko sawa na ile, inanitosha."

Anafunika sufuria.

"Na akiona inapita yake, aseme kwa sauti. Watu wasikie."