Mkanda wa Pikipiki ya Theluji: Mabela, Ansab na Kurudi

Pikipiki ya theluji ilinilalia gotini, injini bado inanguruma, na mbele ya uso wangu ukuta wa barafu. Mfupa niliusikia kabla ya maumivu. Nasri, msimamizi wetu, amesimama mlangoni na koti lake, anapiga kelele, "Zima! Zima!" Nizime na mkono upi?

Wacha nirudi nyuma, maana huko nyumbani Webuye nasikia kumefika habari ati mimi Wanyonyi nilikuwa nacheza na mashine nikaumia.

Hapa Maskati jua linachoma mpaka lami inanata, lakini ndani ya jengo moja la maduka kuna ukumbi wa theluji ya kutengenezwa, na mimi ndiye fundi wa mashine zake. Jumapili niliona mkanda umekatika chini ya pikipiki moja. Ni kipande cha kitambaa kigumu, kirefu kama kiganja, kimefungwa boliti juu na chini. Kinazuia springi za mbele zisifunguke kupita kiasi. Kikikatika, pua ya mashine inainuka na usukani unashika hewa.

Nikamtumia Nasri sauti kwa simu: "Mkanda umekatika, agiza." Nasri ni Mwomani, wazee wake walitoka Unguja. Akampelekea Suhail, mnunuzi wa ofisini, kwa Kiarabu: sair, neno linaloshika mikanda ya kila aina. Basi Suhail akanunua mkanda wa mpira, ule unaozungushwa na injini.

Jumanne saa mbili asubuhi nilitoka Mabela tunakoishi, nikachukua teksi hadi duka la spea. Kufungua boksi, mpira mweusi, mviringo. Nikampigia.

"Bwana Nasri, huu siyo."

"Si ulisema mkanda?"

"Mkanda wa kitambaa!"

"Huo sisi twauita utepe. Kwani wewe lugha huna?"

"Basi agiza mwingine."

"Wiki tatu hizo! Na Alhamisi pana wageni wa meneja. Kata mkanda wa kiti cha gari bovu, wende Ansab kwa Bi Thuwaiba akushonee. Khalas."

Ansab nilifika saa tano. Bi Thuwaiba hushona viti vya magari nyumbani kwake. Alinipa kahawa na tende, akaushika ule mkanda wa kiti cha gari niliokata, akauvuta kwa mikono miwili.

"Wataka kumfunga ngamia?"

"Ni wa mashine ya theluji, Bi."

"Theluji! Na jua hili!" Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, huu umefumwa uvutike kidogo, mtu asivunjike kifua. Wewe wataka usiovutika. Nnakushonea mara mbili, lakini nnakwambia, usipande."

Nikampigia Nasri hapo hapo, simu nimeifungua sauti, bibi akarudia maneno yake yote.

"Bibi ni mshonaji wa viti," Nasri akasema. "Fundi ni wewe."

"Haya," Bi Thuwaiba akamjibu, "na goti la nani?" Nasri alikuwa ameshakata simu.

Alhamisi, saa nne, ukumbini. Nilifunga mkanda, nikaweka washa pana, vile visahani vya chuma vya boliti, pande zote mbili, nikakaza. Nikasema tuiburute kwanza bila mtu. Nasri akasema, "Wageni wako mlangoni. Panda." Nikapanda. Hapo kosa ni langu, sifichi: niliogopa kurudishwa nyumbani. Kwenye mwinuko wa pili mkanda ukachanika penye tundu la boliti, pua ikainuka, nikakata kona, mashine isinisikie.

Nimerudi Mabela kutoka hospitali, mguu una chuma ndani. Mkanda wa kweli ulikuja baadaye, nasikia ulifungwa kwa muda wa kunywa chai. Nilichojifunza ni hiki: ukiagiza spea tuma picha, neno halitoshi.

Lakini Suhail ameandika kwenye ripoti "uzembe wa fundi", na kwa maneno hayo wananirudisha Webuye na goti lisilokunjika. Karatasi wameileta nitie sahihi. Sitii. Nasri, Bi Thuwaiba yuko hai na alikusikia. Njoo Mabela na huyo Suhail wako, mkae kwenye kitanda hiki, unijibu: mkanda wa gari ulikuwa akili ya nani? Na aliyesema "Panda" ni nani?