Unyayo wa Mwinyimvua

Mjomba wangu Mwinyimvua aliendesha lori la shirika moja la ujenzi pale Gerezani, lori kuukuu lenye tela nyuma, na aliliendesha pekupeku. Si kwamba alikosa viatu. Mwaka ule wa 1981 spea hazikupatikana, na mshale wa geji ya joto ulikuwa umeganda katikati tangu Januari. Kwa hiyo mjomba alilipima lori kwa mwili wake. Pua ilimpa habari za klachi, masikio habari za injini, na unyayo wa kushoto, alioulaza kwenye bati juu ya giaboksi, ulimwambia kama mambo yanachemka huko chini. Tela likijaa, alisema, giaboksi ndiyo huanza kulia.

Akaja msimamizi mpya, Ndugu Vitalis, kijana wa Moshi, kozi ameimaliza juzi, kalamu tatu mfukoni. Akampa mjomba viatu vya ngozi.

"Dereva wa umma haendeshi miguu mitupu, Ndugu Mwinyimvua. Na leo tunaenda wote."

Wakapakia chokaa bandarini, lori na tela pomoni. Jua la saa sita lilikuwa utosini. Walipoingia Mtaa wa Msimbazi, mjomba akaanza kunusanusa.

"Ndugu, naomba nivue kiatu kimoja."

"Cha nini?"

"Niisikilize giaboksi."

Vitalis akaelekeza kalamu kwenye geji. "Mshale si huo, katikati? Gari zima."

"Huo unakaa hapo hata lori likilala wiki nzima."

Mjomba akachomoa kiatu, akakanyaga bati, akaurudisha mguu mbio. Akasogea pembeni, akazima. Vitalis, kwa kutoamini, akabandika kiganja palepale, akapiga yowe kwa Kichaga. Chini ya lori oili ilikuwa ikidondoka matone mazitomazito.

Waliponyanyuka kutoka uvunguni, wakakuta foleni nyuma ya tela. Watu kama thelathini, na vikapu.

"Hii ni chokaa!" Vitalis akatangaza. "Chokaa ya kupaka nyumba!"

"Ndivyo wanavyosema kila siku," akajibu dada mmoja aliyekuwa wa kwanza kabisa. Jina lake Sitara. "Unga wanauficha wapeane wenyewe."

"Dada yangu," mjomba akamwambia taratibu, "ingekuwa unga ningekupimia kwa mkono wangu. Shida yangu mimi ni oili ya giaboksi."

Sitara akamtazama, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, akashindwa kuzuia kicheko. "Kaka yangu ana gereji mtaa wa nyuma. Lakini nani atanishikia nafasi?"

Mjomba akamgeukia msimamizi. Vitalis akapokea kikapu, akasimama wa kwanza kwenye foleni ya tela lake mwenyewe, huku wa nyuma wakimhimiza asogee.

Sitara alirudi na kaka yake na galoni ya oili. Wakangoja giaboksi ipoe, wakaijaza, na lori likaondoka kwa gia ndogo, mwendo wa maharusi. Chokaa ilifika kabla ya alasiri.

Jumamosi yake mjomba alirudi pale gereji kurudisha galoni. Jumamosi iliyofuata alirudi tena, na safari hii hakuwa na cha kurudisha. Kaka mtu aliuliza mara moja tu, kisha akaacha kuuliza. Kabla mwaka haujaisha, Sitara akawa mkaza mjomba wangu.