Mahali pa Kuweka Ruta

Thoa alikuwa amechoka ile kuchoka ambayo usingizi hauitibu. Tangu mama mkwe wake, Bi Nhai, apooze upande mmoja, siku zake zilibanwa kati ya kitanda na jiko: kumgeuza, kumsafisha, kumlisha uji wa mchele kijiko kwa kijiko na kuambiwa kila kijiko kwamba uji umeungua. Mumewe Luong alishafariki. Wajane wengine huachiwa nyumba. Yeye aliachiwa nyumba na mama mwenye nyumba.

Kiwanda cha vigae alikokuwa akiandika ankara kilimwonea huruma, ila huruma yenyewe ilikuwa na masharti. Angefanyia kazi nyumbani, mradi leo saa tisa aonekane kwenye mkutano wa kompyuta. Asipoonekana, kiti chake anapewa mwingine. Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa ameinamia laptopu ya ofisi, kwenye meza iliyo kando ya kitanda. Laptopu iliiona waifai ya nyumbani, ikapokea neno la siri, ikazungukazunguka kama mtu anayetafuta kisingizio, kisha ikasema imeshindwa kuunganishwa.

Pale mlangoni, ilipo ruta, kile kisanduku cha kurusha waifai, laptopu ilishika mara moja. Lakini nyumba zile za Hanoi ni nyembamba na ndefu. Kati ya mlango na kitanda kulikuwa na ngazi na ukuta wa zege. Na Bi Nhai alikuwa akipaliwa hata na mate yake. Thoa hakuweza kukaa mlangoni.

Alimpigia fundi wa waifai, simu ikiwa kwenye spika.

"Dada, si nilikwambia siku ile ile ya kufunga?" fundi alisema huku akitafuna. "Iweke juu, katikati ya nyumba. Waya unafika."

"Katikati ya nyumba kuna madhabahu ya wazee wetu marehemu."

"Si ndio pazuri! Na soketi ya zile taa nyekundu za madhabahu ipo. Waambie wasogee kidogo."

"Nimesikia!" Bi Nhai alifoka kitandani. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu, ulimi kikauacha. "Hicho kidude chenye pembe kikae karibu na bakuli la ubani? Juu ya kichwa cha baba mkwe wako? Thubutu!"

Huyu ndiye aliyewahi kuwapikisha karamu nzima ya kumbukumbu ya marehemu upya, wageni wameshaketi, kwa sababu kuku alitengwa akiangalia upande usiofaa. Aliwaogopa wafu kuliko alivyomwogopa mtu yeyote aliye hai.

"Mama, nikikosa mkutano leo sina kazi. Tutakula nini?"

"Waulize wenyewe. Mimi sijafika huko bado."

Basi Thoa akanawa mikono, akapanga machungwa, akawasha ubani. Alichukua sarafu mbili za kale za kuulizia wafu, zilizopakwa chokaa upande mmoja, akaomba ruhusa na kuzirusha kwenye sahani. Ikitoka nyeupe moja na nyeusi moja, wamekubali. Zikifanana, wamekataa.

Zilitoka nyeupe zote mbili. Akaomba tena, zikatoka nyeusi. Mara ya tatu, nyeusi vilevile. Na baada ya mara ya tatu mtu haulizi tena.

Thoa akakaa sakafuni. Alitazama picha ya Luong pale juu, na uchovu wa miaka ukamtoka mdomoni.

"Hata ulipokuwa hai, kila nikikuomba jambo ulisema tutaona. Haya, umekaa huko juu, umeonaje? Nimemlea mama yako mpaka mgongo umekatika. Pahala pa sanduku dogo tu, Luong! Hata hilo?"

Alilia bila kujificha.

"Leta sahani," Bi Nhai alisema.

"Mama, nimeshauliza mara tatu."

"Umeuliza wewe. Mimi nimeuliza? Leta hapa."

Thoa akamwekea sahani kifuani. Bi Nhai alinong'ona maneno yake, akarusha sarafu kwa mkono wake mzima. Thoa alikuwa ameinama juu yake, akaona vizuri: nyeusi, na nyeusi. Kiganja cha bibi kikashuka haraka na kuzifunika.

"Wamekubali."

"Mama, lakini..."

"Lakini nini? Aliyemzaa Luong ni nani hapa, mimi au wewe? Wamekubali. Panda kiti."

Thoa alipanda kiti. Alivuta waya, akaiweka ruta nyuma ya bakuli la ubani, akaomba radhi, akashuka. Laptopu ilizunguka kidogo, kisha ikashika. Alikaa akiikodolea macho, hana hata nguvu ya kufurahi.

Saa tisa nyuso za ofisini zikajitokeza kwenye kioo.

"Dada Thoa, tunakuona," bosi alisema. "Unatusikia?"

"Nawasikia."

Nyuma yake alisikia na sauti nyingine, ya chini. Bi Nhai alikuwa ameyakaza macho kwenye madhabahu, anazungumza na marehemu mumewe na wazee wengine.

"Ni mimi niliyedanganya. Huyu mtoto msimguse, hana kosa. Nikija tutaongea."