Nguo ya Kipimo

Nashona magauni yangu mwenyewe tangu mwaka wa kwanza nilipohamia Babati. Watu wakiniuliza kwa nini nahangaika na cherehani ilhali mafundi wamejaa mjini, jibu langu ni moja: nimependa tu. Nimelitoa jibu hilo kanisani, sokoni, hata nyumbani, kwa mume wangu. Siku hizi likinitoka mdomoni naona kinyaa, na nitaeleza ni kwa nini.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Nilikuja huku kwa ndoa. Mume wangu ni Mtanzania, ana kazi ya ofisini hapa mjini, na tulipanga nyumba Maisaka. Kwa mama yangu ilikuwa kama nimekwenda Ulaya. Siku ya kuniaga alinipa kitenge cha kijani chenye maua makubwa ya njano, akaniambia, "Ukifika huko kwa watu, jishonee rinda la kutokea." Kwetu rinda ni gauni, basi. Hakuna aliyenionya kwamba ukishavuka Namanga neno hilo linageuka. Huku rinda ni ule mkunjo wa kwenye sketi, na katika kinywa cha mtu mchafu ni jambo jingine kabisa, la mwilini, ambalo sitaliandika.

Wanawake wa mtaa wetu hutoka pamoja Jumamosi mchana. Tunapanda bajaji mbili, tunakwenda kando ya ziwa kula perege wa kukaanga na ndizi, na kuangalia viboko wakipiga miayo. Mara mojamoja tunafika Dareda, tunasimama kule juu na kuliangalia bonde mpaka upepo utuchoshe. Ndiyo starehe yetu, na ndiyo siku ya kuonyeshana mishono. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyenialika mara ya kwanza, nami nikamuuliza nimpelekee fundi gani kitenge changu.

"Nenda kwa yule wa nyuma ya soko," alisema. "Mshono wake moto. Ila upeleke nguo ya kipimo."

Nguo ya kipimo ni nguo yako inayokukaa vizuri. Fundi anaipima hiyo badala ya kukupima wewe. Nilidhani ni mazoea ya hapa tu, au uvivu wa mafundi. Sikupeleka.

Fundi alikuwa mtu mzima, nadhifu, tepu shingoni, ukuta wake umejaa kalenda za mishono. Nikamwambia, "Naomba unishonee rinda." Alimtazama mwenzake aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, wakaangua kicheko.

"Rinda, mama? Kwani marinda yako yana shida gani?"

Nikacheka nao, kwa kuwa sikuelewa. Kisha akaniita nyuma ya pazia. Alinipima kiuno mara tatu na nyonga mara nne, na hakuandika namba hata moja. Kifua alikipima kwa viganja, tepu ikiwa bado shingoni mwake. Vidole vilikuwa na majimaji, na alikuwa anatafuna karanga. Pumzi yake ilinipiga shingoni. Nilisimama kama gogo. Alipomaliza nilimwambia asante. Ndiyo, asante, kama mtu aliyepewa kiti.

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Nilimkuta anachambua maharage, nikamweleza yote. Hakuinua hata macho.

"Kwani hukupeleka nguo ya kipimo?"

"Sikupeleka."

"Sasa je!" Akacheka. "Yule mikono yake haina adabu, jirani, mji mzima unajua. Ndiyo maana tunapeleka nguo. Na wewe ukaenda kumtajia marinda! Ulitegemea nini?"

Ajabu ni kwamba niliona ana haki. Nilijiambia kosa lilikuwa langu, la neno langu. Mtu mgeni, Kiswahili chake cha kwao, ameropoka tusi bila kujua, na fundi amelichukulia anavyojua yeye. Nikajitia aibu ambayo ilikuwa ya mtu mwingine, nikaivaa miaka mingi. Mume wangu nilimwambia fundi ameharibu kitambaa. Sikulifuata lile gauni. Alilitundika mlangoni pake kama tangazo, jua likapausha bega moja, na kila nikipita pale kwenda kununua nyanya nilikuwa natema mate.

Nikanunua cherehani ya mtumba. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu. Gauni langu la kwanza lilikuwa na shingo pana kama mdomo wa sufuria, na mkono mmoja niliushona ndani nje. Nililivaa hivyo hivyo ziwani, wenzangu wakacheka hadi mmoja akakwamwa na mwiba wa samaki. La tatu lilikaa. La sita wakaanza kuniomba niwachoree mshono. Nisiseme uongo, Jumamosi zile zilikuwa tamu. Nilipenda kushuka kwenye bajaji na kusikia, "Geuka tukuone!" Nilipenda kugeuka.

Lakini hata pale, katikati ya samaki na vicheko, akija mgeni kwenye kundi na kuuliza habari za fundi, kuna mtu lazima angesema, "Yule wa nyuma ya soko, ila peleka nguo ya kipimo." Na wengine wangetabasamu, kila mmoja akiangalia sahani yake. Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema. Huyu wetu hakuwa anapita popote. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anakata vitambaa vyetu, na sisi ndio tuliokuwa tunampelekea. Nikikumbuka tabasamu zile natamani kutapika. Yangu ilikuwa mojawapo.

Mwaka jana akahamia kwenye chumba cha uani kwetu mwalimu mpya, binti wa Songea, ndiyo kwanza amepata ajira. Ana adabu mpaka inachosha. Hata akienda kuchota maji atapita kuniamkia. "Shikamoo dada." Nikamwalika Jumamosi, akafurahi kama mtoto. Siku mbili kabla ya safari alikuja na kitenge mkononi. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, natia lastiki kwenye mkono wa gauni langu.

"Dada, shuleni wameniambia kuna fundi mzuri nyuma ya soko. Ni kweli?"

"Mshono wake mzuri," nilisema. "Peleka nguo ya kipimo."

"Nguo zangu zote zinanibana, dada, nimenenepa. Si atanipima tu?"

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Ningeweza kusema, usiende. Ningeweza kusema, lete hicho kitenge nikushonee mimi. Cherehani ilikuwa mbele yetu sote wawili, na uzi umeshatungwa. Nilisema, "Ni vizuri upeleke nguo," nikakanyaga pedali, na mlio ukamaliza maongezi.

Jumamosi hakutoka chumbani. Alisema kupitia mlangoni kwamba kichwa kinamuuma. Nilikwenda ziwani. Naandika hilo bila kujitetea: nilijua, nikapanda bajaji, nikala perege, na walipoimba geuka tukuone, niligeuka.

Jumapili baada ya ibada alikuja na kitenge chake kwenye mfuko wa plastiki, hakijakatwa.

"Dada, naomba unifundishe kushona."

"Mbona ghafla hivyo?"

Aliangalia sakafu. "Nimependa tu."

Sikuwahi kulisikia jibu lile likitoka kwa mtu mwingine. Nikafanya nilichozoea: nikachukua tepu, nikamwendea ili nianze na kiuno. Akarudi nyuma. Akarudi tena mpaka mgongo ukagonga kabati, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeziba kifua.

Nikasimama pale pale. Nikaiweka tepu mezani, nikamwambia ajipime mwenyewe akiwa tayari, mimi nitaandika namba. Nikamgeuzia mgongo. Nilimsikia anaichukua. Hakutaja namba yoyote.

"Mimi pia," nilisema nikiwa nimeuelekea ukuta. "Yule fundi. Nilipokuja tu."

Nilimsikia anaikunja tepu.

"Kumbe dada ulijua."

"Nilijua."

"Kwa hiyo nguo ya kipimo ndiyo maana yake hiyo?"

"Ndiyo."

"Na wale wa shuleni? Na mama wa hapo jirani?"

"Wote."

Hakulia, na hakunitukana, ingawa tusi ningelipokea kwa mikono miwili. Aliuliza tu kwa sauti ile ile ya adabu, "Sasa mbona hamkusema?"

Nikageuka. Nilikuwa na sababu yangu tayari, ile niliyoitunza miaka yote, na nilipoitoa nilidhani itatusaidia sote wawili. Nikamweleza kwamba mimi niliona kosa ni langu. Kwetu gauni tunaita rinda, nikaenda nikamwambia anishonee rinda, naye akalipokea lile neno vibaya. Nikamwambia niliamini kwamba kama ningejua kusema vizuri, asingenigusa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Tepu ilikuwa mkononi mwake, ameikunja kunja ikawa ndogo kabisa.

"Mimi nilisema gauni, dada," alisema.