Nane Nne

Germana ana ugonjwa mmoja ambao hospitali hawana dawa yake: hamwamini mtu ambaye yeye Germana hajui kwao ni wapi. Hata mchicha hununua kwa wanawake wa Daa tu, kwa kuwa alizaliwa huko na anajua shamba la kila mmoja wao. Huu ni mwaka wa sita tunagawana frem moja ya duka hapa Karatu. Mimi nashona upande wa dirishani, yeye ana kompyuta, printa na skana upande wa ukutani. Kwa hiyo ya siku ile sikusimuliwa. Niliyaona, pini zikiwa mdomoni.

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri. Maombi ya chuo kimoja cha uuguzi yalikuwa yanafungwa saa kumi kamili, na ya Namelok, binti wa mzee Kasaine, yalikuwa hayajatumwa. Kasaine alikuwa ameshuka kutoka Nainokanoka siku tano nyuma na vyeti vya binti kwenye mfuko wa nailoni. Germana akaviskani, akamrudishia, akamwambia, "Nenda nyumbani baba, natuma leo hii." Hakutuma. Ziliingia kadi za harusi, akazama humo, akasahau. Alikumbuka mchana ule aliposikia mteja akitaja tarehe, na nilimwona uso ukimbadilika.

Sasa ukurasa wa chuo haukufunguka. Alijaribu kwa simu yake, kisha kwa yangu, zote laini za kampuni ileile, zikagoma. Akampigia Obed, fundi wa kompyuta, aliyekuwa kazini Mto wa Mbu, akaweka spika.

"Mtandao upo, mama," Obed alisema. "Ila kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiiandikia jina la chuo inaenda kuuliza kwenye kampuni yako: huyu anakaa namba ngapi? Anayejibu ndiyo hiyo tunaita DNS, na leo kalala. Tuulize kwa mwingine. Wapo wa nje, bure, na wanajibu haraka."

"Wa nje ya wapi?"

"Nje tu, mama. Kampuni nyingine."

"Na ataona kila ninachouliza?"

"Majina ya kurasa ataona, ndiyo. Lakini hata kampuni yako inayaona."

"Yangu ina ofisi hapo barabarani. Nikikasirika nakwenda."

Siku nyingine ningecheka. Lakini hakuwa anaongea upuuzi. Watu huja pale kusoma majibu ya vipimo vyao, na Germana amewaapia kwamba hayatoki nje ya kuta zile. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Nilijua tu kwamba saa haimngoji mtu.

"Germana, mtoto wa watu," nikamwambia.

Akashusha pumzi. "Haya, nipe hizo namba."

"Nane nne. Andika nane nne, hifadhi, ufungue ukurasa." Simu ikakatika.

Kwenye mipangilio ya mtandao, visanduku vya kuandikia namba vilikuwa vinne. Germana akavitazama, akanitazama. "Nane, nne. Basi anataka mara mbili." Nami, mshona magauni, nikasema ndiyo, ni hivyo. Akaandika nane, nne, nane, nne, akahifadhi. Hakuna kilichofunguka, hata kurasa zilizokuwa zikisuasua asubuhi. Tukapoteza dakika kumi na mbili tukimtukana Obed, ukoo wake na waliomsomesha, na yeye hapatikani.

Alipopatikana aliuliza, "Umeandika nini?"

"Nane nne, kama ulivyosema."

"Mama. Nane ziko nne. Nane, nane, nane, nane."

Niliona aibu mpaka masikioni. Germana akafuta, akaandika upya, na ukurasa wa chuo ukafunguka upesi kuliko nilivyowahi kuuona ukifunguka pale. Akajaza jina, shule, alama. Ikabaki kuambatisha vyeti. Akaenda kuvichukua kwenye stoo, ndivyo tunavyoliita lile boksi dogo linalotunza kila kilichoskaniwa, na kompyuta ikajibu kwamba haijui kitu kinachoitwa stoo.

"Obed, stoo imepotea."

"Haijapotea. Hilo jina nililitunga mimi, linajulikana na ruta yenu tu, hicho kifaa cha mtandao ambacho kompyuta ilikuwa inakiuliza kwanza. Sasa kompyuta inamuuliza yule wa nje. Ni sawa na kumuuliza mtu wa Dar nyumba ya mzee Hhando pale Daa. Namba ya stoo siikumbuki. Rudisha mipangilio ya zamani, nakili vyeti, halafu weka tena nane zako. Ule ukurasa usiufunge."

Saa tisa na dakika hamsini na moja. Simu ya Germana ikaita: Kasaine. Vyeti halisi anavyo yeye, huko juu. Germana aliigeuza simu kifudifudi, na niliogopa kuliko yeye. Akarudisha ya zamani. Stoo ikaonekana. Akavuta cheti cha kwanza, cha pili. Akaandika nane, akakosea, akafuta, akaandika tena akihesabu kwa sauti. Akabonyeza kutuma, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kilizunguka mpaka nikaanza kusali Baba Yetu kimoyomoyo, nikachanganya maneno.

"Maombi yamepokelewa." Saa tisa na dakika hamsini na nane.

Kasaine akapiga tena. Nikamnong'oneza Germana, "Mwambie mtandao ulisumbua." Huo si uongo hata, na Karatu hii hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa mtandao.

"Imeenda, baba," alisema, spika ikiwa bado wazi. "Lakini imeenda sasa hivi. Karatasi zako zilikaa hapa siku tano. Mtandao umesumbua leo tu. Zile siku nyingine nilisahau mimi."

Tulisikia upepo wa huko juu.

"Siku tano," Kasaine akasema taratibu. "Mimi nilimwambia mtoto imeenda siku ileile. Ameshaanza kuaga watu." Kisha akasema, "Yuko hapa. Ongea naye mwenyewe."

Germana alisimama. Miaka sita sijamwona akisimama kumheshimu mtu wa kwenye simu, wala akimwomba mtu radhi. Alizima spika, akanigeuzia mgongo, akaegemeza paji la uso ukutani.

"Namelok, mwanangu," alisema, akaanza kumwomba radhi kwa zile siku tano.