Makofi ya Nyuma ya Pazia

Aibu yangu haina pa kufichwa, maana walioshuhudia ni wengi na wote wana midomo, basi afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wetu wa Kuze, ambao wameshaongeza chumvi (eti nililia, sikulia).

Ndugu yangu Swaleh alitaka kumuoa Mueni, msichana wa bara aliyesilimu kwa hiari yake, na wazazi wake wakasema sawa, lakini kwanza tuje tuione hiyo dini na hao watu wenyewe. Wakaja alasiri moja, baba na mama, Mueni akiwa nao, na Mama yangu akaniagiza mimi niwaeleze, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha Mueni sala, na kwa kuwa Swaleh mbele ya wakwe huwa bubu. Wakikataa, basi hakuna harusi, maana Mueni alishasema bila radhi ya wazazi wake haolewi.

Nikaeleza. Shahada, sala, zaka, saumu, hija, malaika, vitabu, mitume (nilipowaambia kwamba Nabii Issa pia tunamwamini, mama mtu akaketi vizuri kidogo). Baba yake akanisikiliza mpaka kahawa ikapoa, kisha akauliza swali moja tu: "Kijana, binti yangu akiona jambo haliko sawa humu ndani, atasema, au atanyamazishwa?"

Swali la jibu fupi, jamani. Mimi nikampa hotuba! Nikataja haki za mke, nikataja wanazuoni, nikajikuta niko kwenye mirathi na sijui nilifikaje. Mzee akatazama saa.

Ikaadhiniwa Magharibi. Ami Athman, ndugu yake marehemu baba, mwalimu wa madrasa na ndiye anayesalisha siku zote nyumbani kwetu, alikuwa ashainuka kwenda mbele, nami kiherehere kikanipanda.

"Ami, leo niachie mimi. Kwa ajili ya wageni."

"Wataka kusalisha, Badi, au wataka kuonekana?"

Hapo mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikapita mbele. Wageni wakakaa kwenye viti vya pembeni watazame, wanaume wakasimama nyuma yangu, wanawake nyuma ya pazia.

Magharibi ni rakaa tatu, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Lakini mimi nasali huku najisikiliza sauti, huku namwibia mzee jicho nione kama amependezwa, basi nikamaliza ya tatu na badala ya kuketi nikasimama wima kuanza ya nne. "Subhanallah," akasema Ami, na ndivyo imamu akikosea anavyokumbushwa na wanaume. Mimi nikadhani ameguswa na sala yangu (chekeni tu). Akarudia kwa ukali. Nikaganda. Ndipo nikasikia makofi nyuma ya pazia, kwa kuwa wanawake hawasemi neno, hupiga kofi, na katika hotuba yangu yote ile ndefu, hilo sikuwaeleza wageni. Baba yake Mueni akadhani tumemaliza na napongezwa, naye akapiga makofi kwa adabu zote. Mama mtu akapiga kigelegele.

Kigelegele, katikati ya sala! Nikaketi, nikainuka, nikaketi tena, halafu kicheko kikanitoka kwa sauti, na sala ikavunjika hapo hapo. Ami akanishika bega.

"Rudi nyuma, Badi. Yatosha."

Tukaanza upya wote kwa ajili yangu. Tulipotoa salamu, Mama hakunitazama, na Swaleh alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Nilijua harusi nimeivunja mimi, kwa kiherehere changu.

Mzee akauliza makofi yale yalikuwa ya nini. Ami akamweleza kwa maneno machache: imamu akikosea, walio nyuma humkumbusha, naye hurudi.

"Hata akikumbushwa na mwanamke?"

"Hata mwanamke."

"Na aliyepiga kofi la kwanza ni nani?"

Pazia likatikisika. "Ni mimi, Baba," akasema Mueni.

"Ulijuaje kama amekosea?"

"Si yeye ndiye aliyenifundisha!"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanong'onezana na mkewe kwa lugha yao, kisha akamgeukia Ami. "Swali langu limejibiwa. Sasa tupange harusi."

Alasiri nzima nimekauka koo, jibu likatoka kwenye upuuzi wangu! Tangu siku hiyo nimeapa, penye mkubwa wangu mbele sipiti, hata nivutwe kwa kamba. Lakini itanifaa nini, na shemeji yangu sasa anaishi humu humu? Nikianza tu kujitapa mezani, nasikia kofi moja kutoka jikoni, na la kuudhi zaidi ni kwamba kila akipiga, huwa nimekosea kweli.